Trekta la Wajane

Msomaji, tulimwacha Khalaf amekaa juu ya kiti cha trekta lake jekundu pale uwanjani Ibra, nchini Omani, kanzu nyeupe, kilemba kimefungwa vizuri, injini inanguruma, na maandamano yote ya Sikukuu ya Taifa yanamngoja yeye tu aondoke. Mbele yake fimbo imelazwa juu ya boneti. Nyuma ya fimbo kasimama bibi kizee wa barakoa nyeusi, na kasema maneno mawili tu.

"Shuka. Wakfu."

Khalaf hakushuka. Alifanya kama hakusikia, kwani injini ya zamani ina kelele zake, na mtu aliye juu yake ana udhuru wa kutosikia. Lakini waliosimama mbele walisikia, wakawaambia wa nyuma, na wa nyuma wakawaambia wapanda farasi. Punde uwanja mzima ulikuwa ukimtazama.

Marhoun, ambaye ndiye wakili wa mali za wakfu za eneo lile lote, alikuja mbio kidogo, bakora mkononi, ananukia udi.

"Zima, Khalaf."

Akazima.

"Ee, Bi Tamima," Marhoun akamwambia yule bibi. "Leo sikukuu. Kuna nini?"

"Kuna trekta," alisema Bi Tamima. "Hili lilikuwa likilima mashamba ya wajane kule kwetu, upande wa Mudhaibi. Mwanamke akifiwa na mume, watoto wadogo, nani atamlimia? Lilikuja hili. Tulikuwa tukilisikia likikohoa kule njiani, tunafunga mbuzi wetu. Limewekwa wakfu kwa ajili yetu. Haliuzwi."

"Mimi nimelinunua, bibi," Khalaf akasema. Kiarabu chake kilikuwa kizuri, lakini akibabaika lafudhi ya Unguja ilimtoka puani, na siku hiyo ilimtoka. "Nimelinunua kwenye chuma chakavu. Lilikuwa limekufa. Kuku wanataga ndani yake."

"Wallahi kweli," alidakia rafiki yake Mahrous, aliyekuwa amesimama ubavuni na tambara la grisi begani. Mahrous ana gereji, wazee wake wa Bujumbura, na hajui kunyamaza. "Tulipofungua boneti kuku alitukasirikia sisi. Alikuwa mpangaji wa zamani."

Watu wawili watatu wakacheka. Bi Tamima hakucheka.

"Nyuma ya kiti palikuwa na bamba la shaba," alisema. "Pana, kiasi cha sinia. Wahunzi wa Nizwa ndio walioligonga. Limeandikwa yote. Wewe uliyelisafisha trekta hili, mwanangu, uliliona?"

Hapo, msomaji, ndipo palipokuwa na njia mbili, na moja ilikuwa fupi.

"Sikuona bamba lolote, bibi."

Bi Tamima akazunguka nyuma. Akapitisha vidole vyake juu ya chuma, taratibu, kama mtu anayetafuta joto kwenye paji la mtoto. Alikuwa akitafuta matundu ya misumari. Hakuyapata. Chuma kilikuwa laini kama yai.

Khalaf akatazama usukani. Matundu yale aliyaziba kwa mkono wake. Aliyajaza risasi ya kuyeyusha, akapiga tupa, akasugua kwa msasa mpaka mwisho, akapiga rangi juu ya rangi. Katika kazi yote ile, hakuna mahali palipompa raha kama pale. Alikuwa akipita jioni anapapapasa.

"Una shahidi, bibi?" Marhoun akauliza.

"Wenzangu wamekufa."

"Una hilo bamba?"

"Sina."

"Basi imebaki yamini. Khalaf ataapa kwamba hakuona alama ya wakfu. Akiapa, trekta lake, na maneno yamekwisha." Aliyasema haraka, kama mtu anayeogopa chakula kitapoa. "Utaapa, Khalaf?"

Khalaf akainua uso. Watu aliokuwa akiishi nao tangu alipokuja kutoka Unguja, na ambao miaka yote walimwita Mzinjibari, walikuwa wakimtazama. Asubuhi ile tu, kwa mara ya kwanza, mmoja wao alimwita Sheikh wa Matrekta, na wengine wakapokea. Jina lile lilikuwa bado bichi.

"Nitaapa," alisema. "Hata sasa hivi."

"Si hapa kwenye vumbi," Bi Tamima akasema. "Nyumbani kwako. Baada ya alasiri. Na mkeo awepo."

Akaondoa fimbo yake kwenye boneti.

Sasa na tuseme lililo kweli, maadamu Khalaf hakulisema.

Bamba aliliona. Aliliona siku ya mwanzo kabisa ya kukwangua, chini ya matope na grisi iliyoganda. Alisugua kwa petroli, ikatoka Bismillahi. Akasugua chini yake, likatoka neno wakfu. Hapo aliacha kusugua. Hakutaka kujua mbele kumeandikwa nini, kwani asiyejua si kama anayejua. Ndivyo alivyojiambia. Siku hiyo hiyo alikata misumari.

Tena akakwama. Kulitupa hawezi, lina jina la Mungu. Kuliuza kwa muuza shaba hawezi, kwa sababu hiyo hiyo. Kuliyeyusha, audhubillahi. Basi akaliosha, akalifunga ndani ya gunia safi, akalisukuma chini ya meza ya kazi, juu ya tofali ili lisiguse ardhi. Jina la Mungu alilitunza vizuri kabisa. Neno lililofuata ndilo alilolificha.

Na baada ya hapo akazunguka Bahla, Fanja na Nizwa akitafuta vipuri, akanunua rejeta kwa huyu na magurudumu kwa yule, mpaka maiti ile ikafufuka.

Njiani kurudi nyumbani, Khalaf aliendesha, na Mahrous alikaa juu ya bawa la gurudumu, miguu inaning'inia.

"Kaka, usihuzunike," Mahrous akasema. "Unaapa, wanakunywa kahawa, wanakwenda zao. Mwakani unarudi uwanjani, mstari wa mbele."

Khalaf akabadilisha gia.

"Mimi nitakuwepo. Nitavaa kofia safi."

"Vaa."

Wakapita shamba la mitende, maji ya falaji yakienda kimya mferejini ubavuni mwa njia. Mahrous akageuka akatazama nyuma ya kiti, pale palipo laini.

"Yale matundu," alisema polepole. "Uliyoniambia nikuletee risasi ya kuziba. Uliniambia ya nini vile?"

"Ya taa."

"Taa."

"Taa ya nyuma, Mahrous. Lilikuwa na taa ya nyuma."

Mahrous akaendelea kutazama. Yeye ni fundi, na fundi anajua trekta la miaka ile taa yake ya nyuma huwekwa wapi. Akasafisha koo.

"Nishushe hapa. Nikaswali."

"Hakujaadhiniwa."

"Nitangoja."

Akaruka trekta likiwa bado linakwenda, mtu mzima na goti lake bovu, akaelekea msikitini bila ya kugeuka. Khalaf akahisi masikio yanamuunguza. Mahrous alimwaga jasho kwenye injini ile kama ya babake, na hakutaka hata asante.

Alipofika nyumbani hakuingia ndani. Alikwenda moja kwa moja bandani, akapiga magoti kwenye mafuta kwa kanzu yake nyeupe, akaingiza mkono chini ya meza. Alikuwa ameshaamua. Atalichukua, atakwenda kulizika mahali safi, mbali, kama zinavyozikwa kurasa za misahafu iliyochakaa. Litakuwa limeheshimiwa. Na yeye ataapa.

Mkono ukagusa tofali. Ukagusa gunia.

Gunia lilikuwa limekunjwa vizuri, pembe kwa pembe. Ndani hamna kitu.

Akatafuta nyuma ya giaboksi kuukuu. Akatafuta ndani ya pipa la nati. Akatoka jasho.

"Baba Jumana," mkewe akamwita kutoka jikoni. "Unatafuta nini huko na wageni wanakuja?"

Bi Ghaniya alikuwa amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi. Mchele uliosagwa ulikuwa tayari kwenye bakuli, iliki imeshapondwa, makaa yanashika moto. Mkate wa kumimina. Katika nyumba ile mkate wa kumimina haupikwi hivihivi.

"Nani kakwambia kuna wageni?"

"Ibra nzima imenipigia simu. Wengine nilikuwa siwajui."

Khalaf akasimama mlangoni. "Umeingia bandani kwangu?"

"Mie nikatake nini kwenye magrisi yako?" Hakuinua macho. Kifuu kilizunguka mkononi mwake, nazi ikaanguka nyeupe. "Baba Jumana, nikuulize."

"Uliza."

"Bibi wa watu anasema palikuwa na bamba. Uliliona?"

Ni mke wake. Ndiye aliyefua nguo zake za grisi, aliyekuwa akimpelekea chai bandani, akikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa anamsikiliza anavyoisifia injini kuwashwa kwa petroli na kuhamishiwa mafuta ya taa, jambo lisilomhusu hata kidogo.

"Kanzu yangu ya buluu iko wapi?" Khalaf akauliza.

Mkono wa Bi Ghaniya ulisita kidogo. Kisha ukaendelea.

"Ya kuapia nyeupe," alisema. "Nimeshakupigia pasi nyingine. Iko kitandani."

Wageni walikuja alasiri ilipokwisha. Marhoun alitangulia, msahafu umefungwa kitambaa cha kijani. Bi Tamima akafuata, akakaa karibu na dirisha, fimbo magotini. Mahrous alikuja na kofia safi kama alivyoahidi, lakini hakuja kukaa pembeni ya rafiki yake. Alikaa mlangoni, penye viatu.

Kahawa ikapita. Halwa ikapita. Marhoun hakumaliza hata kikombe.

"Bismillahi, tusichelewe," alisema, akaanza kufungua kitambaa. "Khalaf, utaweka mkono hapa, utasema wallahi sikuona alama ya wakfu. Basi. Maneno machache."

Khalaf akasogea. Alikuwa ameshatawadha. Maji ya udhu yalikuwa bado yanamchuruzika kiwikoni, na alihisi kama yanamsuta.

"Ngojeni kidogo," ikaja sauti ya Bi Ghaniya.

Aliingia na mkate. Ulikuwa mzima, wa duara, mkubwa, juu umepiga wekundu wa makaa, harufu ya iliki ikajaa chumba. Akauweka katikati yao, kwenye mkeka, akakaa na kisu.

"Shemeji, tumalize kwanza," Marhoun akasema.

"Kwetu mgeni haulizwi jambo kabla hajatia kitu mdomoni," Bi Ghaniya akajibu kwa upole. "Na anayeapa haendi popote. Nyumba ni yake."

"Kasema kweli," Bi Tamima akasema.

Bi Ghaniya akakata. Akampa Marhoun kipande kikubwa. Pale kipande kilipotoka, chini yake paling'aa kitu.

Khalaf alidhani ni sinia. Halafu akaona ukingo. Ukingo ule uligongwa kwa nyundo, tundu moja dogo kila pembe, na kwenye kila tundu alama ya patasi. Patasi yake.



Lilikuwa limesuguliwa kwa majivu na ndimu kavu, mpaka lilikuwa jekundu kama asali. Sio kazi ya leo. Shaba iliyokaa chini ya matope miaka mingi haisafiki kwa siku moja. Bi Ghaniya alikuwa amelijua bamba lile muda mrefu, na jioni zote zile, juu ya ile ndoo iliyopinduliwa, na kikombe cha chai, hakuwa akisikiliza habari za injini. Alikuwa akingoja mumewe amwambie.

Khalaf akamtazama. Bi Ghaniya alikuwa akitazama kisu.

Mkate uliyafunika maandishi yote, umepimwa hasa. Hakuna aliyejua katika chumba kile ila mume na mke. Lakini mkate huliwa.

"Na wewe, Mahrous," Bi Ghaniya akasema, akamkatia kipande. Kikatoka, na chini yake ikabaki mistari ya herufi, ukiikaribia ungesoma. Mahrous akapokea kwa mbali, macho kwenye viatu.

"Mtamu," Marhoun akasema mdomo umejaa. "Nipe kingine, tumalize."

Akapewa. Bismillahi yote ikawa wazi. Marhoun alikuwa akifungua kitambaa cha kijani kwa mkono mmoja, hakutazama chini.

"Mama Jumana," Khalaf akasema, na sauti yake ilimshangaza mwenyewe, ilivyokuwa nyembamba. "Ondoa basi. Wageni wameshiba."

"Bi Tamima hajala."

"Mimi meno sina," Bi Tamima akasema, "lakini huo naona laini. Wa nini?"

"Mchele na nazi, bibi."

"Nipe kidogo."

Kilibaki kipande kimoja, na kilikuwa kimekaa juu ya lile neno. Bi Ghaniya hakukikata wala hakukiinua. Aliweka kisu chini. Bi Tamima akanyoosha mkono wake mwenyewe, mkono mkavu wa hina iliyofifia, mkono wa mtu aliyelima.

Khalaf akaweka kiganja chake juu ya mkate.

"Bibi, usile hiki," alisema. "Chini yake ndilo bamba lako."

Marhoun akaacha kutafuna.

"Nililiona. Nililikata mimi, kwa patasi yangu. Matundu nikayaziba. Asubuhi nimekwambia uongo mbele ya watu, na sasa hivi nilikuwa naja kuapa." Akageukia mlangoni. "Mahrous, hapakuwa na taa."

"Najua," Mahrous akasema kutoka mlangoni.

Bi Tamima hakulia wala hakulaani. Ingekuwa nafuu.

"Uinue mkate," alisema.

Khalaf akainua. Bibi akapitisha vidole juu ya shaba kama alivyovipitisha asubuhi juu ya chuma, na safari hii vilipata kitu cha kushika.

"Nisomee. Mie sikusomeshwa."

Basi ikambidi asome yeye, aliyeacha kusugua kwenye neno la pili. Alisoma taratibu, kwa sauti ya chuo cha Kurani cha Unguja, herufi kwa herufi. Ni wakfu wa mashamba ya wajane. Haliuzwi, halitolewi zawadi, halirithiwi. Na anayelibadilisha baada ya kusikia, basi dhambi yake iko juu ya wale wanaolibadilisha.

Alipofika hapo macho yalikuwa yanamwasha, na hakuweza kumtazama mtu yeyote. Hasa Bi Ghaniya.

"Kesho nitalileta kwenu," alisema. "Nitalilima shamba lako mwenyewe, bibi. Na la kila asiye na mtu. Kisha nitarudi uwanjani niwaambie wale wale."

"Utalileta," Bi Tamima akasema, kama mtu anayepokea chenji yake. "Hilo lako. Sasa nikuulize lingine. Wewe ulilinunua kwenye chuma chakavu."

"Ndiyo."

"Kule kwenye chuma chakavu lilipelekwa na nani?"

Khalaf hakujua. Hakuwahi kuuliza. Asiyejua si kama anayejua.

Bi Tamima akaugeuza uso wake wa barakoa, taratibu, kuelekea upande wa pili wa mkeka.

"Marhoun, asubuhi uliniuliza kama nina bamba. Nikasema sina, nikanyamaza, nikakungoja. Nimekungoja njia nzima mpaka hapa." Akagusa tundu moja la msumari. "Siku lilipokuwa likipigiliwa, wewe ndiye uliyeshika misumari. Ulikuwa kijana. Ulijigonga kidole, tukakucheka. Vipi hukukumbuka kulikuwa na bamba?"

 Kipande cha mkate kilikuwa mkononi mwa Marhoun, hakukila, hakukiweka. Macho yalikwenda mlangoni kwenye viatu vyake. Mahrous alikuwa amekaa hapo, na ule mguu wa goti bovu ulikuwa umenyooka sawa juu ya viatu hivyo, wala hakuuondosha.

Msahafu ulikuwa wazi katikati ya mkeka, umeshafunguliwa kitambaa, unangoja mkono.

Khalaf akautazama uso wa Marhoun. Masikio yamewiva. Midomo imekauka. Macho yanatafuta neno fupi, lolote, la kutokea. Aliujua uso ule kila mkunjo. Ndio aliokuwa ameuvaa yeye tangu asubuhi.